Herufi ya Baba kwenye Mashine ya Mama

Sikumwamkia baba yangu mkubwa kwa miaka kumi na moja. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Kwetu Pwani mtoto akiacha kumwambia mkubwa shikamoo, yeye anaonekana hana adabu na mama yake anaonekana ameshindwa kulea. Nililijua hilo vizuri. Niliacha kwa makusudi nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sikurudi nyuma mpaka tulipomzika.

Chanzo kilikuwa mashine.

Tulikaa Temeke, vyumba viwili kwenye nyumba ya vyumba sita, choo na uwani tukichangia na wenzetu. Baba alikuwa kuli bandarini, akishinda Kurasini kwenye makontena. Hizo ndizo enzi za ruksa. Vitu ambavyo utotoni mwangu tulivisikia tu vilianza kumwagika mjini: mitumba ya kila rangi, redio kubwa zenye spika mbili, vitambaa vya Dubai vinavyong'aa mpaka macho yanauma. Baba alikuwa anarudi jioni na habari za kontena, kama vile wanaume wengine walivyorudi na habari za mpira. Leo limefunguliwa la baiskeli, jana la magodoro yaliyotumika, juzi la viatu vya mguu mmoja mmoja.

Mama alikuwa anadarizi herufi. Siku hizo bibi harusi wa Temeke aliyejiheshimu hakulalia foronya tupu. Foronya mbili ziliwekwa kitandani, moja ina herufi ya kwanza ya jina la bwana na nyingine ya bibi, na shuka katikati lina herufi zote mbili na ua. Kabla ya harusi wanawake waliingia chumbani kukitazama kitanda, wakavuta midomo au wakapiga vigelegele, kutegemea walichokiona. Mama alizichora herufi kwa penseli, akazifuata kwa sindano usiku na mchana, na seti moja ilimla wiki mbili. Macho yalimuuma, vidole vikawa na sugu.

Siku moja baba akaja na habari ya kontena lililotoka Ulaya, lenye vitu vya shule iliyofungwa. Madawati, ramani, mipira iliyoisha upepo, na chuma kimoja kizito ambacho hakuna aliyekijua. Wakala mmoja alisoma karatasi akasema ni cha kukatia herufi. Dalali hakukitaka, kilikuwa kinamkalia njiani tu.

"Kinakata herufi za nini?" mama aliuliza, akiacha sindano hewani.

"Za karatasi, za kitambaa, sijui. Kina sanduku la herufi zote."

Mama hakulala vizuri, nilimsikia akijigeuza. Wiki ile ilikuwa zamu yake ya kupokea mchezo, ule upatu ambao wanawake kumi wa mtaani kwetu waliuchanga. Bibi kijumbe, mwanamke mtu mzima aliyekusanya na kugawa pesa za mchezo, alimletea fungu lake mwenyewe. Alipoambiwa linaenda wapi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wenzio wananunua makochi, weye unanunua chuma!"

"Makochi yatanilisha?" mama akamjibu.

Akazifungua pesa zile mbele ya bibi kijumbe na mbele yangu, akampa baba mkononi. Nimeieleza hatua hii polepole kwa sababu baadaye watu wazima, wenye ndevu na kofia, walijifanya haikutokea.

Baba alikuja nacho kwenye mkokoteni, kimefunikwa gunia. Kilikuwa na urefu wa mkono wangu, rangi ya kijivu, na mpini mmoja mrefu wa kuvuta kwenda chini. Herufi zenyewe zilikaa kwenye sanduku la mbao, kila moja ni kibao kilichopigiliwa wembe uliokunjwa kwa umbo la herufi, na pembeni mwa wembe kuna sponji. Unaweka kitambaa kwenye sahani ya mashine, unalaza kibao juu yake wembe ukitazama chini, unasukuma ndani, unavuta mpini. Tak! Ukivuta sahani nje, herufi imetoka safi. Mama alipoikata ya kwanza alikaa chini sakafuni akacheka peke yake.

Lakini haikuwa rahisi hivyo, na hapa ndipo ujuzi wake ulipokuwa. Kitambaa kikiwa laini mashine inakitafuna, kingo zinachanika nyuzi nyuzi. Mama alihangaika siku kadhaa, akaharibu vipande, mpaka akagundua dawa. Alipika uji mwepesi wa unga wa muhogo, akakitia kitambaa wanga mara mbili, akakianika kivulini wala si juani, kisha akakipiga pasi ya mkaa mpaka kikawa kigumu kama karatasi ya daftari. Hapo ndipo alipokikata. Akiishonea herufi kwenye foronya na kuifua, wanga unatoka, kitambaa kinalainika, kingo zimeshakamatwa na uzi. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Baada ya kazi ya kwanza ya bibi harusi kwisha, mama alisema mashine nayo ipewe herufi yake. Niliruka kwa furaha. Tulikuwa na kipande cha kitambaa chekundu cha satini kilichobaki. Nikachukua kibao chenye Z, maana jina la mama linaanza na Z.

"Rudisha," akasema. "Chukua S."

S ilikuwa ya baba.

"Lakini mashine si yako, mama?"

"Ni yangu. Weka ya baba yako. Kitu kizuri kikae ndani kwa jina la mwenye nyumba, ndiyo heshima."

Nikaikata S, nikaipaka gundi, nikaibandika ubavuni mwa mashine kwa mikono yangu mwenyewe. Niliibonyeza kwa kiganja ishike vizuri. Baba aliporudi aliiona, akajifanya hakuiona, kisha nikamwona anaichungulia tena huku akila. Alifurahi. Sina ugomvi na baba kwa hilo, maana hakuomba. Mama alikata Z za mabibi harusi wasiohesabika wa Temeke, Mtoni na Keko, na hakuwahi kujikatia hata moja.

Mashine ile ilitulisha. Seti iliyokula wiki mbili sasa ilikwisha kwa siku tatu. Watu walianza kuleta leso za wachumba, sweta za shule, taulo za watoto wachanga. Mwanamke mmoja alileta mapazia ya sebule nzima. Sare yangu ya shule, madaftari, na mchele wa mwezi vilitoka kwenye mpini ule.

Kisha baba akashikwa na homa Jumatatu, na Ijumaa tukamzika.

Mama akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, na kwa desturi ya kwetu haonekani na wanaume wasio maharimu zake, wale wanaoweza kumuoa. Akiwa na neno na mwanamume analisema nyuma ya pazia. Mama alikaa chumba cha ndani kavaa nguo nyeupe, na mimi ndiye niliyekuwa miguu yake. Nilienda sokoni, nilipokea wageni, nilimfikishia salamu. Usiku nilimkuta ameketi kitandani akikata nyuzi za foronya ya watu, maana kazi alizochukua kabla ya msiba zilikuwa bado zinamdai.

Baada ya arobaini, baba mkubwa akaja kutoka Chanika. Yeye ni kaka wa baba, alikuwa na shamba la mihogo na nyumba ambayo kuta zake ziliishia nusu. Alikuja na wanaume wanne wa ukoo na ustadhi mmoja, wakaketi kwenye mkeka kibarazani, wakasema wamekuja kutazama mali ya marehemu. Niliwapelekea maji. Wakati huo bado nilikuwa mtoto mwenye adabu, niliwaamkia mmoja mmoja.

Mali ya marehemu ilikuwa baiskeli, redio, nguo, na saa iliyokuwa haitembei. Vilipangwa kwenye mkeka. Baba mkubwa akachungulia chumba chetu cha mbele, akaniambia, "Mwanangu, na ile mashine ilete."

"Ile ya mama," nikasema.

"Ilete tu."

Nilishindwa kuibeba peke yangu, wakaja vijana wawili wakaitoa. Bibi kijumbe alikuwa uwani akiosha vyombo vya wageni. Alipoiona inapita akajifuta mikono kwenye khanga, akatoka mpaka kibarazani.

"Wanangu, hiyo si ya marehemu," akasema. "Pesa ya hiyo nimeitoa mie kwa mkono huu, ilikuwa zamu ya mkewe kwenye mchezo."

Mzee mmoja akamwambia, kwa upole wa kumtoa mtu njiani, "Bibi, haya ni mambo ya mirathi. Mambo ya michezo ya wanawake tuyaache uwani."

Ustadhi, na yeye simlaumu sana kwani aliuliza swali la haki, alisema, "Kuna maandishi yoyote? Risiti? Chochote kinachoonyesha ni ya nani?"

Kontena la vitu vya shule, dalali wa Kurasini, wapi na wapi risiti! Baba mkubwa akainama, akaigeuza mashine ubavu wa pili, akaweka kidole juu ya kitambaa chekundu.

"Maandishi haya hapa. Hii S ni ya nani?"

Nilitaka kusema ni mimi niliyeibandika, kwamba herufi si hati, kwamba nilikuwa nimeshashika Z nikaambiwa niirudishe. Mtoto wa kike mbele ya wanaume sita anaanzia wapi?

Ustadhi akasema ni haki mjane naye aulizwe. Wakanituma nikasimame mlangoni mwa chumba cha ndani, na baba mkubwa akapaza sauti kutoka nje ya pazia.

"Shemeji! Hii herufi iliyo kwenye mashine ni ya marehemu?"

Mama hakuwahi kusema uongo, na katika eda ndiyo kabisa. "Ndiyo, shemeji," akajibu. "Ni ya mume wangu, lakini..."

"Basi, inatosha. Mjane tusimchoshe."

"Lakini" yake niliisikia mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimesimama ndani ya pazia. Aliirudia mara ya pili kwa sauti ndogo, akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nahukumu. Nje walikuwa wameshaanza kusoma dua.

Mirathi ina mafungu yake, na hata kama ingekuwa kweli ni ya baba, fungu la mama na langu yalikuwemo mle. Baba mkubwa alisema ataishika kwa niaba ya familia, isije ikauzwa na wanawake wasiojua thamani ya kitu. Alitamka maneno hayo. Mwanamke aliyekitambua kile chuma kilipokuwa kinamkwaza kila mtu njiani, anaambiwa hajui thamani. Wakaipandisha kwenye pikapu pamoja na sanduku la herufi. Baba mkubwa akaninyooshea mkono nimuage, nikauangalia ule mkono, nikageuka nikaingia ndani. Mama, aliyekuwa akichungulia dirishani, alinifinya paja mpaka pakabaki alama.

"Umenitia aibu," akasema.

"Mie ndo nimekutia aibu?"

Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wiki tatu baadaye baba mkubwa akarudi. Nilimwona anakuja na mfuko wa plastiki, nikadhani labda roho imemsuta. Mfukoni mlikuwa na vitambaa vilivyochanika vibaya, A moja imetoka bila mguu, nyingine imebaki nyuzi tupu. Mkewe alijaribu kufanya biashara. Akaketi kibarazani, kwenye kigoda cha baba, akapaza sauti kuelekea pazia.

"Shemeji, mbona ile mashine inatafuna vitambaa? Mlikuwaga mnaifanyaje?"

Nilidhani mama atacheka. Nilidhani atanyamaza angalau. Loo! Mama yangu, kutoka kwenye kile chumba alimoketi bila kazi mikononi, akaanza kumfundisha. "Unapika uji wa muhogo, shemeji, mwepesi. Unatia wanga mara mbili. Anika kivulini..." Alimweleza moja baada ya moja, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua dagaa. Mpaka leo sijui nilimchukia nani zaidi dakika ile.

Nilimsindikiza baba mkubwa mpaka barabarani kwa sababu mama aliniamuru. Njiani akasema, "Uji wa muhogo, wanga mara mbili, kivulini. Kuna lingine?"

"Mama kasahau," nikamwambia. "Unatia na mafuta ya nazi vijiko viwili kwenye uji. Ndo kitambaa kinateleza."

Akanishukuru. Akaniita mtoto mzuri. Nani asiyejua kitambaa kilichoingia mafuta kinavyolegea na kubaki na madoa kikipigwa pasi? Hilo nalo sijalijutia, na kama ni dhambi nitaulizwa siku ya kuulizwa.

Mama alipotoka eda alianza kukaanga vitumbua barazani. Foronya aliziacha. Watu walikuja kumuuliza, akawaambia mashine iko kwa shemeji yake Chanika, wampelekee huko. Aliwaelekeza hata njia! Kurudi kwenye sindano alishindwa, macho yalikuwa yameshachoka, na wateja walikuwa wameshazoea herufi za mashine. Moshi wa vitumbua ukamalizia macho yaliyobaki. Nilipofika darasa la saba sikuendelea na shule, nikaingia jikoni kumsaidia. Watu wanasema ni maisha. Si maisha, ni chuma kimoja kilichobebwa na pikapu, na ninamjua aliyekibeba.

Idd moja, nikiwa na miaka kumi na sita, mama alinilazimisha niende Chanika kusalimu. Nilienda, sikuamkia. Nilisema "Idd Mubarak" nikakaa. Mke wa baba mkubwa akanipa pilau. Nilipotoka nyuma kunawa mikono niliikuta mashine chini ya mnazi, mpini umening'inia, kuku wanalala juu yake. Kinyesi kilikuwa kimeganda kwenye sahani ambamo kitambaa kilikuwa kinakaa. Sanduku la herufi lilikuwa limechomwa nusu, nadhani walikosa kuni. Nikaizunguka mashine nitazame ubavu wa pili. S ilikuwepo. Nyekundu yake ilikuwa imepauka, kona moja imebanduka, lakini gundi yangu ilikuwa imeshika. Nilijaribu kuibandua kwa kucha, ikagoma. Nililia pale kwa hasira, nikijua kwamba hawakuihitaji hata siku moja. Waliitaka isiwe ya mama tu.

Baba mkubwa alifariki nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilienda mazikoni, nikapika, nikaosha masufuria, nikarudi nyumbani. Mashine sikuiulizia. Nasikia iliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu.

Sasa nimeolewa, nakaa Mbagala, na mama nakaa naye. Mwaka juzi nilinunua mashine yangu. Ni ndogo, nyeupe, ya umeme, inaunganishwa na kompyuta na inakata yenyewe, herufi za mtindo wowote unaoutaka, kwa plastiki ya kubandika au kitambaa. Naweka majina kwenye taulo, vikombe, fulana za maulidi, mashuka ya harusi pia, maana desturi imerudi. Pesa ni yangu, na safari hii risiti ninayo kabatini, imefungwa kwenye nailoni.

Siku ya kwanza nilikata herufi yangu, nikaibandika juu ya mfuniko. Mume wangu aliiona akacheka tu, ni mtu mwenye moyo mweupe. Mama akavaa miwani yake minene, akasogea, akaipapasa herufi ile kwa kidole.

"Na ya mumeo iko wapi?"

"Ya nini, mama?"

"Iweke, mwanangu. Si vizuri mwanamke kujiandika peke yake. Watu watasemaje?"

Nilikasirika mpaka masikio yakavuma. Ningeweza kupiga kelele. Miaka yote ile ya vitumbua na moshi, na maneno ni yale yale, kwa sauti ile ile.

"Mama, umesahau?"

"Sijasahau kitu," akasema. "Lakini mumeo si baba yako mkubwa."

"Baba naye hakuwa baba mkubwa. Ilisaidia nini?"

Nikaigeukia kompyuta, nikaandika Z. Nikaikata nyekundu, kubwa kama kiganja, nikaibandua taratibu na karatasi yake ya nyuma, nikampa mkononi.

"Hii ni yako. Ibandike kwenye kitu chako, popote unapotaka."

Aliigeuza huku na huku. Akatabasamu, nadhani kwa sababu ilikuwa safi, fundi hubaki fundi. Kisha akainua kichwa akaanza kuangaza chumbani. Alitazama kitanda anacholalia, nilichomnunulia mimi. Akatazama kabati la mume wangu, redio aliyoletewa yeye na wanangu, meza, kiti, pazia. Macho yake yalirudi kitandani, yakazunguka tena mara ya pili, polepole zaidi.

Akanirudishia.

"Nishikie kwanza," akasema.